Kusudi la maisha halifukuliwi kama hazina

Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi nchini Kenya walipojiunga na Gredi ya 10, kila mmoja wao alitakiwa awe amekwisha kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka 15 hivi. Mtaani Donholm, mashariki mwa jiji la Nairobi, uchaguzi huo ulijadiliwa mezani wakati wa chajio, ndani ya matatu zilizokwama katika Barabara ya Jogoo na nje ya makanisa baada ya ibada. Juu juu, swali lilikuwa la masomo na alama. Chini yake palikuwa na swali zito zaidi, ambalo wazazi wengi hawakuthubutu kulitamka: mtoto huyu amekuja duniani kufanya nini?

Swali hilo haliwaandami watoto peke yao. Katika nyumba iyo hiyo, huenda yupo kaka mtu mwenye umri wa miaka 26, aliyehitimu shahada ya biashara miaka mitatu iliyopita na ambaye bado anabisha milango ya Eneo la Viwanda akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Huenda pia yupo baba aliyetimiza umri wa miaka 60 na kustaafu kazi ya serikali, ambaye kila siku huamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea, akaoga, akavaa, kisha akaketi sebuleni asijue aende wapi. Watatu hao wanajiuliza jambo lilo hilo, kila mmoja kwa njia yake, na aghalabu hakuna anayemwambia mwenziwe.

Ipo biashara kubwa inayoishi kutokana na swali hilo. Wahubiri, washauri na wasemaji wa kutia watu moyo hukodisha kumbi, huuza vitabu na kanda, na wengi wao husema kitu kimoja: kwamba ndani ya kila mtu limefukiwa kusudi moja, lililokamilika, na kazi ya mtu ni kuchimba mpaka alifikie. Makala haya yanashikilia kuwa picha hiyo ya hazina iliyofukiwa ina kasoro, na kwamba kasoro hiyo inawagharimu watu wetu miaka yao.

Inafaa kwanza tueleze kwa nini swali hili linauma zaidi katika mtaa kama Donholm kuliko lilivyowauma babu zetu. Katika jamii nyingi za Kenya, rika na ukoo vilimjibu mtu swali hilo kabla hajalitunga. Kijana wa Kimaasai aliyekwisha kutahiriwa alijua kuwa yeye ni moran, alijua ng'ombe anaowalinda ni wa nani, na alijua kuwa siku moja rika lake litapokea uzee kwa pamoja. Uhunzi, katika jamii kadha wa kadha, ulirithiwa ndani ya koo maalumu. Huko Pwani, mtoto wa fundi wa jahazi alishika tezo kabla ya kuota ndevu. Hayo hayakuwa maisha ya hiari, na msichana hasa hakuulizwa alipenda nini. Lakini yalikuwa na jibu.

Kizazi kilichohamia Donholm kilipewa jibu la pili, nalo lilikuwa cheti. Jina lenyewe la mtaa ni la kigeni: lilitokana na shamba la ng'ombe wa maziwa la mlowezi kutoka Scotland, na kabla ya uhuru Barabara ya Jogoo ya leo iliitwa kwa jina la shamba hilo. Shamba likageuka kuwa mtaa, na walionunua au kukodi nyumba humo walikuwa hasa makarani, walimu, wahasibu na watumishi wa serikali. Ngazi yao ilikuwa wazi. Aliyefaulu mtihani alipata kazi ya afisi. Mwenye kazi alijiunga na chama cha akiba na mikopo. Mwenye mkopo alinunua nyumba. Mwenye nyumba alisomesha watoto ili nao wapande ngazi iyo hiyo. Maadamu ngazi ilikuwapo, hakuna aliyehitaji kuuliza inaegemea ukuta gani.

Ngazi hiyo sasa imepungukiwa na vipago. Shahada zimekuwa nyingi kuliko kazi za afisi, na nyumba za ghorofa moja zilizojengewa familia moja zimevunjwa ili kupisha maghorofa ya vyumba vya kupangisha, ambamo vijana wa umri mmoja huishi wengi, kila mmoja na mlango wake. Rika halimjibu mtu tena, cheti nacho kimeacha kumjibu. Ndipo swali linapomrudia yeye mwenyewe, usiku, akiwa peke yake na simu yake. Si udhaifu wa kizazi cha leo, kama wanavyodai baadhi ya wazee wenzangu kwenye viti vya kinyozi. Ni swali ambalo sisi tuliepushwa nalo.

Mimi hula mkate wangu kwa kusahihisha maneno ya watu wengine, kwa hivyo msomaji ataniwia radhi nikisimama kidogo kwenye neno lenyewe. Kusudi ni neno tulilolipata kutoka kwa Waarabu, na kwao lina maana ya kunuia na kuelekea mahali. Sisi tulipolipokea tulilitumia kwanza kueleza namna ya kutenda. Mtoto akivunja gilasi, mama huuliza: amefanya kwa bahati mbaya au amefanya makusudi? Kwa Kiswahili cha kila siku, basi, kusudi halipo mahali fulani likisubiri kuokotwa. Limo ndani ya tendo, kwa kiasi ambacho mtendaji amelinuia. Neno la pili tunalolitumia, wito, linatokana na kuita, na mtu hawezi kujiita mwenyewe; lazima awepo mwingine anayeita, awe Mungu kwa mwenye imani, au jirani mwenye shida. Lugha yetu imehifadhi mambo mawili ambayo wauzaji wa hazina wameyaacha nje: kutenda kwa nia, na kuitikia sauti iliyo nje yako.

Ushahidi mzuri zaidi wa hayo katika nchi hii ni maisha ya Profesa Wangari Maathai, na inafaa yasimuliwe kwa utaratibu yalivyotokea, kwa sababu tumezoea kuyasimulia kutoka mwisho.

Alizaliwa 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alipokuwa na umri wa watoto wetu wanaochagua mikondo, alikuwa mwanafunzi wa bweni, na baadaye alimalizia masomo yake ya sekondari Loreto, Limuru. Alisoma biolojia huko Kansas nchini Marekani, akapata shahada ya uzamili Pittsburgh, na 1971 akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu. Alifundisha anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Lau angeulizwa wakati huo kusudi la maisha yake ni lipi, pengine angejibu kuwa ni sayansi na ualimu, na hakuna ambaye angemkosoa.

Mapema katika miaka ya 70 alikuwa akichunguza kupe waenezao ugonjwa wa ndigana, ambao huua ng'ombe. Uchunguzi huo ulimtoa maabarani ukampeleka malishoni nje ya jiji, na huko macho yake yalivutwa na mambo ambayo hakutumwa kuyatazama. Ng'ombe walikuwa wamekonda kwa kukosa nyasi. Mito ilikuwa na rangi ya udongo baada ya mvua, kwa sababu miti iliyokuwa ikiushika udongo imekatwa. Wakati uo huo alikuwa mwanachama wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, ambako aliwasikia kina mama kutoka mashambani wakieleza taabu zao: kuni ziko mbali, maji si safi, chakula cha kuwalisha watoto kimepungua ubora. Mwanasayansi wa kupe akaona kwamba taabu hizo zote zina mzizi mmoja.

Hata hapo hakupata mwanga wa ghafla. 1974 mumewe aligombea ubunge wa Lang'ata akiwa amewaahidi wapiga kura kazi. Mkewe, ambaye hakupenda ahadi ziachwe hewani, alianzisha kampuni ndogo ya kuwaajiri watu hao wapande miti na kutunza bustani, na akapata mahali pa kuoteshea miche katika msitu wa Karura. Kampuni hiyo ilikufa. Wenye bustani hawakuwa tayari kulipa kabla ya kazi, na maskini hawakuwa na nauli ya kufika kazini. Mtu anayeamini kuwa kusudi lake limefukiwa mahali pamoja angesema: nimechimba hapa, hapakuwa na kitu, ngoja niende kwingine. Yeye alichukua wazo lile lile akalipeleka kwa wanawake wa Baraza.

Tarehe 5 Juni 1977 waliandamana kutoka jumba la mikutano la KICC hadi uwanja wa Kamukunji, wakapanda miti saba. Kamukunji si mbali na pale Barabara ya Jogoo inapoanzia, na mkazi wa Donholm anayekwenda mjini kwa matatu hupita karibu na uwanja huo kila siku. Ndio mwanzo wa shughuli zilizokuja kuitwa Green Belt Movement. Maafisa wa misitu walisema kupanda miti kunahitaji wenye diploma. Wanawake wakaotesha mbegu katika vigae na vyungu vilivyovunjika, wakalipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika. 1989 Profesa Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa katika bustani ya Uhuru. Tuzo ya Amani ya Nobel ilikuja 2004, miaka 27 baada ya miche ile saba, na mauti yakamfika Septemba 2011.

Nimerefusha hadithi hii kwa sababu inambariki mzazi wa Donholm kwa njia mbili. Ya kwanza, hakuna fomu ya kuchagua masomo ambayo ingeweza kuwa na kisanduku cha kazi hiyo. Haikuwapo mpaka mtu alipoitenda. Ya pili ni kwamba biolojia haikupotea bure. Bila kupe asingefika malishoni, na bila kufika malishoni asingeuona mto. Masomo si kusudi, ila yanaweza kumpeleka mtu mahali ambapo jambo la kukusudia litaonekana. Kwa hiyo mtoto aliyechagua sayansi na mwenzake aliyechagua sanaa wote wamepata njia ya kutokea nyumbani. Hakuna aliyefungiwa hatima yake.

Utafiti wa kisaikolojia wa miaka ya karibuni unaelekea upande huo huo. 2018 wataalamu watatu, Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa chuo. Waliwalinganisha wanaoamini kuwa mapenzi ya jambo hupatikana yakiwa yamekamilika na wanaoamini kuwa mapenzi hayo hukuzwa. Wale wa kwanza walipoanza somo jipya lililowasisimua, kisha likawa gumu, hamu yao ilishuka kwa kasi zaidi. Sababu inaeleweka. Ikiwa jambo langu la kweli linanisubiri mahali fulani, basi ugumu ni dalili kwamba hili silo. Kijana wa namna hiyo huacha uhasibu akaenda upigaji picha, akauacha upigaji picha akaenda ufugaji wa kuku, na kila mara anaondoka siku chache kabla ya mkono wake kuzoea kazi.

Wapo watakaoniambia kuhusu mchoro maarufu wa miduara minne, unaosambazwa sana kwenye simu: duara la unachokipenda, la unachokiweza, la kile dunia inachokihitaji, na la kile unachoweza kulipwa; katikati inapokutana yote ndipo penye kusudi lako, na hapo huandikwa neno la Kijapani, ikigai. Mchoro huo haukutoka Japani. Mjapani aliyelichunguza neno hilo kwa kina ni daktari wa akili Mieko Kamiya, katika kitabu alichokitoa 1966, naye alilichunguza miongoni mwa wagonjwa wa ukoma waliotengwa na jamii kisiwani Nagashima. Alitaka kujua ni kwa nini, kati ya watu wenye ugonjwa mmoja na kifungo kimoja, baadhi wana sababu ya kuamka asubuhi na wengine hawana. Wagonjwa wale hawakuwa na mshahara wa kujivunia wala ajira ya kutafuta. Duara la malipo lilifutwa tangu mwanzo, na bado swali likabaki na maana.

Suala la malipo ndilo linalowatatiza watu wengi mtaani kwetu, kwa hivyo na tulikabili. Je, kusudi lazima lilete mkate?

Shaaban Robert, ambaye kila aliyesoma Kiswahili anamfahamu, alizaliwa 1909 karibu na Tanga. 1926 aliajiriwa ukarani katika idara ya forodha, akakaa huko miaka 18. Kisha akahamishiwa afisi nyingine za serikali ya kikoloni, moja baada ya nyingine, hadi karibu na mwisho wa maisha yake, alifariki 1962. Mashairi, hadithi, insha na tawasifu vilivyomfanya awe nguzo ya fasihi yetu viliandikwa na mtu ambaye mchana alikuwa akijaza daftari za watu wengine. Ukarani ulimlisha, kalamu ikabaki huru. Sijui ni wangapi leo wanaojidharau kwa sababu kazi inayowalisha haifanani na jambo linalowaka ndani yao. Karani wa Tanga angewashangaa.

Miongoni mwa vitabu vyake ni wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Mwanamke huyo alizaliwa Fumba, Unguja, katika miaka ya 1880 hivi, katika familia ya watu wa chini, na ujanani alizunguka akiuza vyungu. Alihamia mjini akiwa mtu mzima, yapata 1911, na huko ndiko alikojifunza kuimba pamoja na wapigaji wa ala. 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Sauti iliyonadi vyungu ndiyo hiyo hiyo iliyosikika kwenye santuri. Hata hivyo, asingekuwa na watu wa kumfundisha na wa kumsikiliza, angebaki muuza vyungu mwenye sauti kubwa. Hili husahaulika: waliopata kusudi karibu wote walikuwa na kikundi.

Na vipi kuhusu kazi yenyewe, ile ambayo watu huiita duni? Wataalamu wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliandika 2001 kuhusu wafagiaji wa hospitali. Waliwakuta wa aina mbili, wote wakiwa na majukumu yale yale kwenye karatasi. Baadhi walisema kazi yao ni kusafisha, basi. Wengine walijiona kuwa sehemu ya wanaotibu: walizungumza na wagonjwa, waliwaelekeza wageni waliopotea, walipanga kazi yao kwa kuangalia hali ya waliolala vitandani. Ukitaka mfano wa karibu, nenda kituo cha matatu chochote cha Donholm umtazame fundi wa viatu. Yupo anayeshona ili mteja aondoke, na yupo anayekigeuza kiatu mara tatu akitafuta mahali pengine panapotaka kufumuka, ambapo hukumwonyesha na hatakulipisha. Huyo wa pili anatenda makusudi, kwa maana halisi ya neno hilo.

Umri nao una kesi yake ya karibu. Ukiifuata Barabara ya Outer Ring kutoka Donholm kuelekea kaskazini, utafika Kariobangi. Huko, katika makao ya wazee ya Cheshire, ndiko alikoishi siku zake za mwisho Kimani Ng'ang'a Maruge. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, wengi walidhani tangazo hilo ni la watoto. Mzee Maruge, aliyepigana katika vita vya Mau Mau, alijitokeza Januari 2004 katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa amevaa sare na kaptura, akaandikishwa darasa la kwanza. Umri wake ulikuwa miaka 84. Hakuwa na falsafa ya kujitafuta. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, kwa kuwa aliwashuku wahubiri, na kujua kuhesabu pesa endapo wapiganaji wa uhuru wangelipwa fidia. Haja ndogo mbili, zilizo wazi. Septemba 2005 haja hizo zilimfikisha New York, katika makao ya Umoja wa Mataifa, kutetea elimu ya bure kwa watoto wa dunia nzima. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimfanya mkimbizi, akaishia Nairobi. Hata hapo Kariobangi aliendelea na masomo hadi kifo chake Agosti 2009. Mstaafu wetu anayekaa sebuleni akiwa amevaa ana takriban miaka 24 ya kumfikia.

Lazima tuseme pia kile ambacho wasemaji wa kumbini hukikwepa. Kumwambia mtu mwenye njaa atafute kusudi lake ni kumwongezea mzigo. Daktari Viktor Frankl wa Vienna, aliyefungwa katika kambi za Wanazi tangu 1942 hadi 1945, alieleza katika kitabu chake cha 1946 kwamba mtu hupata maana kwa kazi anayoitenda, kwa wale anaowapenda, na kwa namna anavyoyakabili mateso asiyoweza kuyaepuka. Alisisitiza kuwa maisha ndiyo yanayotuuliza sisi swali, nasi tunajibu kwa matendo. Lakini lile sharti la tatu lina neno ambalo halipaswi kuangushwa: mateso yasiyoepukika. Ukosefu wa ajira kwa vijana wa Eastlands haumo humo. Ni jambo la sera, la ushuru, la viwanda vilivyofungwa na zabuni zilizoliwa. Yeyote anayewahubiria vijana kwamba tatizo lao ni kutojijua, huku akinyamazia hayo, anamfanyia kazi mtu mwingine.

Tena Profesa Maathai alikuwa na mshahara wa chuo kikuu alipoanza, na Shaaban Robert alikuwa na wake wa forodha. Walioweza kukusudia jambo la miaka mingi walikuwa na kitu cha kuwashikilia. Kijana anayechukua kibarua asichokipenda ili alipe kodi ya chumba hajaisaliti nafsi yake. Ananunua saa za jioni.

Saa hizo zina thamani hata kwa afya. 2014 Patrick Hill na Nicholas Turiano walitoa uchunguzi wa Wamarekani zaidi ya 6,000 waliofuatiliwa kwa miaka 14. Waliosema kuwa maisha yao yana mwelekeo walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufa katika kipindi hicho, wawe vijana au wazee, wawe kazini au wamestaafu. Uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kuwa kusudi ndilo lililowaponya, kwani mwenye afya hupata urahisi wa kukusudia mambo. Hata hivyo, kwamba hali hiyo ilijitokeza kwa wastaafu pia ni jambo la kuzingatiwa katika nyumba nyingi za Donholm.

Turudi basi kwa mtoto wa Gredi ya 10. Mzazi hawezi kumtajia kusudi lake, na asijaribu. Anachoweza ni kumtazama kwa makini zaidi ya jinsi ripoti ya shule inavyomtazama. Aangalie jambo ambalo mtoto hulirudia hata baada ya kulikosea, pasipo kuahidiwa zawadi. Asikilize pia malalamiko yake, maana mtu hulalamikia anachokijali. Anayeudhika kwa sababu ya takataka zilizorundikwa kando ya barabara, au kwa sababu Mto Ngong, usio mbali na mtaa, umebeba uchafu wa viwanda, ameonyesha kitu kuliko yule aliyeandika kwenye fomu kwamba anataka kuwa rubani kwa kuwa rafiki yake ameandika hivyo. Profesa Maathai alianza kwa kuudhiwa na mto.

Na ampe nafasi ya kuona kazi kwa macho. Watoto wengi wa Donholm wamezijua kazi za watu kupitia televisheni tu. Hawajawahi kusimama siku nzima kando ya muuguzi wa zahanati, seremala, mwanasheria wa mtaani, mkulima wa sukumawiki wa Ruai au fundi wa mitambo. Kila familia ina shangazi au jirani mmoja anayeweza kumpokea kijana kwa siku moja wakati wa likizo. Akae kimya, abebe vifaa, aone inachukua muda gani kufanya jambo vizuri, na aone ni nani anayefaidika nalo. Jioni aulizwe alichokiona, asiulizwe kama amekipenda. Gharama yake ni nauli ya matatu ya kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha mchana.